Kopo la Malimbuko

Dorika wa Yakobi hakuwa mtu wa kushindwa kimya kimya. Mwaka ule bwana shamba Odilo alipogawa mistari ya maharage mabichi kwenye shamba la majaribio la misheni, kila mwanamke na aina yake, yeye aliulea mstari wake kama mtoto wa kumzaa. Maganda yakatoka marefu, hayana nyuzi. Mwenye aina bora ndiye angepewa mbegu kwanza, na Dorika, mjane, alishaziona zimeota kwake.

Lakini shamba lilikuwa nusu tu ya mtihani. Nusu nyingine ilikuwa kopo. Maganda yalikatwa, yakafungwa kwenye makopo, kisha makopo yakachemshwa ndani ya mtungi mzito wa mvuke mpaka saa ya kengele ilie. Ya Dorika yalikuwa na ila moja: yakipikwa muda wote yanalegea. Basi zamu yake ilipofika, Odilo akiwa ameitwa nje, akazitoa kuni chini ya mtungi kabla ya kengele kulia. Maganda mabichi, nani asiyejua yanavyoiva upesi? Alijipa moyo hivyo, na mimi namwonea hasira mpaka leo.

Kesho yake Odilo alionja, akasifu: maganda yamesimama. Akampa Dorika kopo moja, mengine akayaweka stoo aone kama yatadumu.

Kwao mazao ya kwanza hayaliwi na mlimaji, huanzia kwa mama. Dorika akalitunza lile kopo majuma mengi bila kuligusa, hata akapata dereva wa lori wa kumwamini, akamkabidhi alifikishe Makambako kwa mama yake, Yudita.

Siku chache baadaye Odilo alimwita stoo. Vifuniko vya makopo ya mstari wake vilikuwa vimevimba.

“Mama, haya yalichemka mpaka kengele?”

Dorika alikigusa kifuniko kimoja kilichovimba.

“Yasipochemka sawasawa hufanya sumu humo ndani, na ulimi unaweza usiijue. Huanzia machoni. Mtu mmoja unamwona wawili. Halafu koo, halafu pumzi. Lile kopo lako liko wapi?”

Dorika alishatoka mbio kuelekea barabarani.

Alipanda lori la magunia, akasali njia nzima kwamba mama awe amelihifadhi kwa ajili ya wageni, kama alivyozoea kuficha kila kitu kizuri. Alimkuta kizingitini akipukuchua mahindi. Kando yake palikuwa na kopo tupu, limeoshwa, lina maji ya kunywa.

“Kamwene, mama.”

“Kamwene, mwanangu. Maganda yako matamu, jana nimeyamaliza yote.”

Yudita aliinua uso, akafumba jicho moja, akalifumbua. Akamtazama Dorika, kisha akatazama pembeni yake, mahali pasipo na mtu, akatabasamu kwa adabu.

“Na huyu uliyeongozana naye ni nani? Mkaribishe, mwanangu, naye akae.”