Saa ya Ng'ambo

Kitaya iko karibu na mto Ruvuma kiasi kwamba simu yenyewe hunasa mtandao wa Msumbiji, na saa yake hurudi nyuma saa nzima. Kila mtu pale anajua. Mimi nimezaliwa pale.

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa barazani kwa mama. Nilitoka mjini jana yake kwa kazi moja tu, kumpeleka zahanati. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mtu akisimama mlangoni, mama aliona kivuli tu. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja siku hiyo, na mwisho wa kuandikisha majina ulikuwa saa nne.

Mama alishajitanda tangu alfajiri. Mimi nilikuwa kwenye video fupi fupi: mtu anateleza kwenye matope, mbuzi anapanda paa, mpishi anakata vitunguu. Kidole kilisukuma moja kabla haijaisha ili nione nyingine. Mama akasema twende. Nikaangalia saa kwenye simu, saa tatu kasoro, nikamwambia bado mapema. Baadaye akasema tena, kwa sauti ileile ya upole:

"Baba, kengele ya uji imeshalia shuleni."

Nikaitikia, "Eeh." Kidole hakikusimama.

Tulipofika, muuguzi alikuwa ameshafunga daftari. Nafasi zimejaa, alisema, hadi baada ya miezi mitatu. Nikamwonyesha simu, ikisema saa nne bado. Akatabasamu.

"Kaka, hiyo saa ya ng'ambo. Wewe mgeni hapa?"

Nyumba yetu ilikuwa inaonekana kutoka pale aliposimama.

Tukarudi, mama kanishika mkono. Jirani akauliza tumefikia wapi. Nilikuwa nafungua mdomo nieleze, mama akaniwahi.

"Tumechelewa, jirani. Mimi na miguu yangu hii."

Alisema hivyo huku akiufinya mkono wangu kidogo, ninyamaze. Sijawahi kuaibika kama siku ile, na hakuna aliyenigombeza.

Jioni nilifuta programu zote za video. Siku ya tatu, nimesharudi mjini, nikazirudisha. Nikafuta tena, nikarudisha, na safari hii nilijifungia chooni nisionwe na mke wangu. Mwishowe nilimkabidhi yeye simu kila Ijumaa jioni, nikawa naenda Kitaya bila simu, narudi Jumapili.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ndefu. Nilipapasa mfuko mara nyingi, kama mtu aliyeibiwa. Tulikuwa tunamenya muhogo. Mama akasikia hatua, akauliza nani anapita. Nikasema mwanamke.

"Mwanamke gani?"

Alishapita, na ingawa nilimtazama, sikukumbuka hata nguo yake.

Basi nikaanza kutazama kwa ajili yake. Kazini kwangu naandika taarifa, lakini mama alidai zaidi ya bosi yeyote. Ndoo ya rangi gani, imejaa au nusu? Amejifunga kitenge au kanga? Yule mzee bado anachechemea? Nikikosea ananicheka, maana wengine aliwajua kwa kikohozi. Wiki ya tano au ya sita nilijikuta jioni imeingia na mfuko sijaugusa.

Madaktari waliporudi, tulifika zahanati mlango haujafunguliwa. Wakamwandikia upasuaji, na nikampeleka mjini wakamfanyia jicho la kulia. Kesho yake bandeji ikatolewa. Mama akafumba, akafumbua, akatazama dirisha, kisha akanigeukia mimi. Alinitazama kwa muda mrefu. Akanyoosha mkono, akagusa nywele zangu juu ya sikio.

"Una mvi," alisema. "Vitenge vya watu wote umenisimulia, hili ukaninyima."

Nikamwambia sikujua kama angependa kusikia. Akaniambia nisogee karibu na dirisha, anione vizuri.