Milango Sita ya Kasungami

Kila asubuhi, kabla ya saa moja, Mama Chilufya husalimia milango sita huko Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi. Huanza kwa fundi wa baiskeli, humaliza kwa Falonne anayekaanga mikate. Huwaita kwa majina, huuliza habari za watoto, kisha husimama kidogo mbele ya ukuta mpya wa matofali. Kiwanja kilicho nyuma ya ukuta huo alikinunua yeye.

Alikuja kutoka Kilwa, ile ya huku kwetu ziwani, mwaka juzi, baada ya mumewe kufariki. Aliuza mitumbwi na nyavu ili wanawe wasome Lubumbashi wakiwa kwao, si katika nyumba ya kupanga. Mji hakuujua. Aliyempokea alikuwa Dominique, komisionere, yaani dalali wa viwanja, mtu wa shati safi na heshima nyingi. Kiwanja alimwonyesha mara moja tu, wakiwa ndani ya gari.

"Mama, usishuke," alimwambia. "Majirani bakiona munataka kununua, bei itapanda. Acha mi niongee nabo."

Hakushuka. Karatasi ilitiwa saini nyumbani kwa Dominique, mtaa wa Makomeno, mbele ya watu watatu ambao Dominique alisema ni majirani wanaopakana na kiwanja. Mama Chilufya aliwapikia samaki wakavu wa Kilwa.

"Balikula muzuri sana," aliniambia. Tumepanga vyumba katika ua mmoja, na mimi ndiye ninayemwandikia barua za Kifaransa.

Siku alipopeleka matofali yake alikuta ukuta umesimama. Bwana mmoja, Ngosa, alikuwa amekinunua kiwanja hicho hicho, naye ana karatasi. Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, akafanya kama ifanywavyo pale: akawaita majirani wenyewe, akawauliza mwenye kiwanja ni nani.

"Ngosa njo tunamujua," alisema fundi wa baiskeli. "Alikuya hapa, tulikunywa naye, alilala na sisi ku matanga ya baba yangu. Huyu mama? Hatuyamuonaka hata siku moya."

"Mama, balikuuzishia kiwanja ao kivuli yake?" Falonne alidakia. Watu wakacheka. Mama Chilufya naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Wale watatu waliokula samaki hawakuwamo. Simu ya Dominique haipatikani mpaka leo. Nimeandika barua nne kwa ofisi tatu, hakuna iliyojibiwa. Shefu ameshampa Ngosa kiwanja.

Jana nilimsindikiza. Fundi aliitikia bila kuinua kichwa. Falonne alimpa mkate wa moto, akamtania: "Mama Salamu, leo umeleta na sekretere?" Ndani ya ukuta, mafundi walikuwa wakimwaga zege la msingi. Tulisikiliza koleo zao, tukaondoka.

Njiani nikamuuliza kwa nini bado anawasalimia, na kesi imekwisha.

Alifunga kitenge chake upya.

"Siku bakiulizwa tena," alisema, "hata mumoya tu aseme ananijua."