Diski za Ogola

Kutoka kwa meza yangu ya mandazi, pale stendi ya Kawangware 56, namwona jamaa wa programu za kompyuta akipanga diski kwa dirisha la duka lake. Siku hizi anapunguza aina. "Zikiwa nyingi mteja anachanganyikiwa," husema, akipangusa vumbi kwa kidole gumba hata kwa ile anayoitoa.

Jana alitoa ile programu ya kwaya, ambayo Ogola, mwenzake katika kampuni, alitengeneza kabla alazwe hospitali. Mildred, bibi ya Ogola, akapita akienda kumwona.

"Shemeji, ya Ogola iko wapi?"

"Haiuziki, shemeji. Tukibaki na ya shule na ya duka, kampuni itapona."

"Na yeye akiniuliza?"

Jamaa akasema polepole, "Mwambie zimeisha. Mwambie watu wamenunua zote."