Siku Nilipovaa Tumbo la Waksi Kwenda kwa Wakwe

Hii habari mutaisikia siku moja kwa watu wa Kabimba, na wale wakiisimulia wanaongeza chumvi mpaka hailiki, kwa hiyo afazali niwaambie mimi mwenyewe, aibu ni yangu, nimeizoea, tumezeeka pamoja. Chekeni tu. Hata mke wangu anacheka, ila yeye anakwenda kuchekea jikoni.

Nchi yetu ilikuwa bado inaitwa Zaire. Mimi nilikuwa natengeneza radio karibu na gare, stesheni ya treni, pale Kalemie, kijana, sina mke, na nilikuwa mwembamba, lakini si wembamba wa kawaida, ni ule wa watu kukuuliza umetoka hospitali lini (mama mumoja wa sokoni aliwahi kunifungia ndagala, vile visamaki vya ziwani, za bure, eti nichukue tu, nisione haya). Basi nikapenda binti wa Kabimba, jina lake Feza. Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha simenti mpaka akafa, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mama yake, na Mama Feza alikuwa ameshasema wazi kwamba mutoto wake hataolewa na muntu mwembamba, maana muntu mwembamba ama ana njaa, ama ana ugonjwa, na yote mawili yeye ameshayauguza nyumbani kwake, inatosha. Feza mwenyewe njo aliniletea hilo neno, huku analia, akaniambia Jumamosi nipande Kabimba nikajionyeshe kwa mama, akinikubali sawa, akinikataa basi, kuna fundi seremala mumoja pale anangoja, na huyo fundi ana shingo nene kabisa.

Nikapeleka kilio changu kwa binamu yangu Sangwa. Sangwa alikuwa muchuuzi wa vitenge, na mukisikia muchuuzi wa vitenge Kalemie miaka ile mujue ni muntu wa magendo. Kule ng'ambo ya ziwa, Kigoma, maduka yalikuwa matupu, waksi, kile kitenge kizuri cha kwetu, iligombaniwa na wamama hata kabla haijashuka mutumbwini, na serikali ilikuwa imekataza kuivusha, kwa hiyo wakaweka baryeri, kizuizi cha kupekua watu, kwenye barabara ya Kabimba, maana mitumbwi ya magendo ilikuwa inaondokea kwenye fukwe ndogondogo za upande ule. Pale baryeri majandarme, askari wa serikali, walikuwa wanashusha watu wote kwenye kamyo, lori la watu na mizigo, wanafungua kila mufuko na kila beseni, hata unga wanatia mukono ndani.

Sangwa akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akaniambia ugonjwa wangu na ugonjwa wake vina dawa moja. Atanizungushia vitenge vitatu vizima tumboni, nivae abakosti juu (lile koti la miaka ile lenye kufungwa vifungo mpaka shingoni, kwa sababu kravati, ni kusema tai, zilikuwa zimekatazwa), nifike kwa wakwe na mwili wa kutosha, na jioni yeye atapita Kabimba kuchukua mali yake. Nikamuuliza, na majandarme? Akasema hajazaliwa jandarme wa kushika tumbo la muntu aliyevaa abakosti. Na hapo, kusema kweli, hakunidanganya.

Abakosti na suruali yake aliviazima kwa dobi, vilikuwa vya mukubwa mumoja mwenye mwili aliyevileta kufuliwa (mwenyewe hajui mpaka leo, na ninyi munyamaze). Sangwa akanizungusha, akafunga na vipande vya mupira wa baiskeli, akanivika, akanisimamisha mbele ya kioo. Nikaona muntu! Nikajigeuza huku, nikajigeuza kule, nikajigonga tumbo kidogo, nikasikia raha ambayo sijawahi kuisikia, nikamuambia Sangwa aongeze kitenge cha nne hapa kwenye mbavu, bado naona nafasi. Sangwa mwenyewe alisita, akasema mupira hautashika. Mimi njo nikamulazimisha. Kwa hiyo muntu asimulaumu Sangwa, hicho cha nne nilikiomba kwa mudomo wangu.

Asubuhi ya Jumamosi nafika kwenye kamyo, shofere ananiona, anamutoa muntu mumoja mbele bila kuulizwa, ananiuliza jina, nasema Numbi, anapiga kelele mupishe patron Numbi akae mbele. Nikapanda polepole, maana kukunja mwili sikuweza, nilikaa nimelala nusu kama muntu anayenyolewa ndevu. Na huko nyuma juu ya magunia nikasikia wamama wanaambiana Mama Feza sogea, Mama Feza shika hapa. Mama mukwe mwenyewe, alikuwa ameshuka Kalemie kununua vitu vya kunipokelea, na sasa tunapanda kamyo moja!

Niwaeleze wale wasiojua. Kwetu sisi Baluba kuna heshima ya wakwe, tunaiita buko, na buko si muchezo. Mama mukwe humutazami machoni, hukai naye, huli mbele yake, mukikutana njiani wewe unaingia majanini mpaka apite. Na mama mukwe akiona uchi wako, hata kwa bahati mbaya, hapo hakuna pole wala samahani, wengine ndoa inakufa palepale. Mimi na Mama Feza tulikuwa hatujaonana kamwe, na bado hakuwa mukwe wangu, lakini nilishajua namna ya kukaa, nikakaza shingo nikaangalia mbele tu. Kidogo nikamusikia anamuambia mwenzake kwa sauti ya juu kwamba kumbe huyu Numbi ni muntu muzima namna hii, na waliomuambia ni mwembamba ni waongo wenye wivu. Jamani, nilitaka kamyo isifike, tuendelee kusafiri hivyo hivyo mpaka Uvira.

Tukafika baryeri. Watu wote wanashushwa, vitu vinamwagwa chini, na mukubwa wa pale, ajida mumoja mufupi mwenye sauti, anakuja mpaka mulango wangu, anaona vifungo, anaona tumbo, anapiga saluti. Akasema, sitwayen, wewe kaa tu, tunamaliza sasa hivi. (Wakati ule hatukusema bwana, tulisema sitwayen, yaani mwananchi, hata kwa wakubwa.) Hapo mwenye akili angefanya nini? Angekaa! Angeitikia kwa kichwa, kamyo ingeondoka, leo ningekuwa nawasimulia habari nyingine. Lakini Mama Feza alikuwa amesimama pale kwenye jua na beseni yake, nikajua masikio yake yako kwangu, na ile saluti ilikuwa imenipanda kichwani. Nikashuka. Nikamuambia ajida, kwa sauti ya tumboni (ya tumbo la Sangwa), kwamba haifai kuwachoma wamama na jua namna hii, wafanye kazi haraka, mimi nina watu wananingoja. Ajida hakukasirika hata kidogo, alifurahi kupata mukubwa wa kuonyesha kazi yake, akaagiza kiti kiletwe kivulini, niketi niangalie mwenyewe namna wanavyopekua.

Kiti. Ulimwenguni kote sikuogopa kitu siku ile kama kile kiti. Nikasema nitasimama, akasema haiwezekani, nikasema nimekaa sana kwenye kamyo, akasema atasikia aibu, muntu mukubwa kusimama mbele yake bila kiti, na watu wameanza kutuangalia. Nikajishusha kidogo kidogo, nimeshika mugongo wa kiti, na nilipofika nusu mupira wa kwanza ukakatika, ukalia ndani ya nguo kama kofi. Kisha wa pili. Tumbo likahamia ubavu wa kushoto, likafikiri, likateremka. Nikakaza magoti. Ajida anauliza kama niko na maumivu, mimi nasema ni jua, na wakati huo huo upindo wa kitenge umeshatokea chini kwenye muguu wa suruali, mwekundu, na maandishi ya kiwanda yanasomeka vizuri.

Ajida akainama, akaushika ule upindo kwa vidole viwili, akavuta. Ukaja. Akavuta tena, ukaja tena, akawa anarudi nyuma anavuta, na mimi nasimama nazunguka, maana nisipozunguka kitenge kinanikaba, kikaisha kimoja kikaanza kingine, na kila nikizunguka napungua, nasikia kabisa abakosti inakuwa kubwa, mpaka kile cha nne kilipoanguka chini nilibaki mimi Numbi wa gare, ndani ya suruali ambayo ingetosha watu wawili, nimeishika kwa mikono yote miwili. Muntu mumoja kando ya kamyo akapiga mbinja, watu wote wakaangua kicheko.

Mwenye hasira alikuwa ajida. Angenikamata tu kama muchuuzi wa kawaida labda tungezungumza, lakini alikuwa amenipigia saluti, amenipa kiti, na majandarme wake wanajificha nyuma ya kibanda wanacheka. Akasema kama tumbo ni waksi basi huko chini kuna zahabu. Akasogea mbele yangu, akatoa amri.

"Mikono juu."

Sikuinua. Nilikuwa najua nikiinua nini kitafuata, na Mama Feza alikuwa pale, hatua chache, amesimama uso kwa uso na mimi. Nikamusogelea ajida, nikamulilia polepole, karibu na sikio.

"Ajida, nakuomba, nipekue nyuma ya kibanda. Mama mukwe wangu yuko hapa."

Ajida akabadilika uso. Kumbe ni muntu wa Ankoro, Muluba kama mimi, na buko anaijua. Akatazama wale wamama, akaniuliza ni yupi, nikamuonyesha kwa kidevu, akavua kofia yake (huyu ajida aliyekuwa ananguruma!), akamuambia Mama Feza kwa adabu kwamba akisema neno moja tu, atanipekulia mbali na atanifunika, hawezi yeye kuvunja buko ya watu.

"Mama, huyu ni mukwe wako?"

Ndugu zangu, pale njo nilielewa kwamba ndoa yangu inaamuliwa baryeri. Akisema ndiyo, suruali yangu imepona, na Feza ni wangu mbele ya kamyo nzima. Mama Feza akanitazama. Alinitazama polepole, shingo, mbavu, miguu, akashusha beseni chini.

"Huyu? Simujui. Sijamuona hata siku moja."

Mikono ikapanda, suruali ikashuka. Nilifumba macho, nikasikia kicheko kikitoka pande zote, na ndani yake kimoja kikubwa kuliko vyote, cha mwanamuke, cha kutoka tumboni kabisa, nikafungua macho nikaona ni yeye, Mama Feza, amejishika kiuno, machozi yanamutoka, ananionyesha kidole. Suruali nilimusamehe ajida. Kile kicheko kilinivunja.

Zahabu hawakuona, maana haikuwako. Waksi walizikunja vizuri wakaziingiza kibandani, na mimi wakanifukuza bila karatasi yoyote (wakinipeleka mahakamani, waksi nazo zinapelekwa, na hawakutaka). Kamyo ilikuwa imeshaondoka. Nikarudi Kalemie juu ya kamyo ya simenti, nimeshika suruali safari nzima, nikashuka pale gare mweupe kama kizuka, na watu wanaonijua wakaniuliza ukweni walinipokeaje.

Nikajifungia ndani. Nilifikiri Feza ameshakwenda kwa yule seremala, na sikumulaumu. Ile wiki radio za watu nilizitengeneza vibaya zote.

Halafu siku moja naona Papa Mulongo, ndugu ya Mama Feza, anakuja kwenye kazi yangu, anavuta kiti, anaketi, anaeleza kwamba ametumwa na dada yake. Akasema Jumamosi walipika, walitandika, wakangoja mugeni mpaka jioni, hakufika, na dada yake anauliza kama mugeni alikuwa mugonjwa ama hataki tena mutoto wao. Mimi nikamukata maneno, nikamuambia Papa, acha kunicheka, Mama alikuwa pale baryeri, aliniona, alinikana, na alicheka kuliko watu wote.

Papa Mulongo akaangalia kama kuna muntu karibu.

"Sikiliza, mutoto wangu. Mama aliona muchuuzi mumoja wa waksi, muntu asiyemujua. Angekuwa mukwe wake, Mama angekuwa ameona uchi wa mukwe wake, hata kama angefunikwa wangesema aliona, na mutoto wake asingeolewa na wewe tena mpaka dunia inaisha. Ila kwa muntu usiyemujua hakuna buko, unacheka tu kama wengine. Sasa nakuuliza tena. Jumamosi ulikuwa wapi?"

Nikaweka bisibisi chini. Halafu nikamujibu kwamba nilikuwa na homa.

"Pole sana," akasema. "Ijayo utakuwa umepona?"

Nikaenda, na shati yangu mwenyewe, na mifupa yangu yote. Mama Feza alipokea salamu zangu kutoka chumba cha pili, kama desturi inavyotaka, akaniuliza kupitia Papa Mulongo kama njia ilikuwa salama. Nikamujibu kupitia Papa Mulongo kwamba ilikuwa salama kabisa. Baada ya miezi michache nikamuoa Feza.

Tangu siku ile sijavaa nguo ya kuazima, na muntu akinipa kiti mahali pa kazi ya serikali nakataa, hata miguu iwe inauma namna gani. Mama Feza aliishi miaka mingi, aliniheshimu na nilimuheshimu, tukipishana njiani naingia majanini, na kila mara nilikuwa na neno moja kooni, aksanti, Mama, na kila mara nililimeza, kwa sababu ningelisema ningekiri kwamba yule wa baryeri alikuwa mimi, na yeye hakumujua. Alipokufa, kwenye kilio wakwe wakaombwa kusema kila muntu neno lake. Nikasimama na abakosti ya watu imenijaa kichwani, nikasema tu kwamba Mama alikuwa anajua watu. Wakaniambia niketi, nimesema vizuri.