Vijiko vya Kiholanzi vya Bibi

Wiki iliyopita nilikuwa Al Rigga, hapa Dubai. Nilipopita mbele ya duka la vitu vya kale, nikaona kijiko cha fedha kimewekwa kwenye kioo, na juu ya mpini wake mwanamke mdogo amepakata mtoto. Nikasimama ghafla. Ungekuwa nami ungedhani nimeona jini. Kumbe akili ilikuwa imesharudi kwenye fleti yetu ya utotoni, pale pale mtaani, kwenye sebule iliyonukia udi na samaki wa kupaka, siku bibi yangu alipoitwa mwizi.

Sisi ni Waunguja tuliozaliwa Dubai. Bibi, mama yake baba, alikuja na vijiko viwili vya fedha kutoka Unguja, amevifunga kwenye kitambaa cheupe. Kimoja kilikuwa na mwanamke na mtoto kama wale mpinini. Hakuna aliyekula navyo. Kazi yangu ilikuwa kuvisugua kwa majivu laini ya chetezo cha udi, na kidole changu kilivijua vizuri: nyuma kulikuwa na simba mdogo, kichwa cha mwanamke aliyevaa kofia ya vita, na herufi ambazo bibi hakuweza kuzisoma, kwani yeye alisoma za Kiarabu tu. Hata hivyo kila mara alinionya, "Taratibu, usinifutie maandishi."

Sikukuu moja akaja wifi yake, dada wa marehemu babu. Sisi watoto tulimwita Bibi wa Maskati. Alinikuta nasugua, akanipokonya kijiko.

"Hivi vya marehemu mama," alisema mbele ya wageni. "Vilipotea mwaka tuliohama. Kumbe!"

"Kumbe nini, wifi?"

"Kumbe vilikuwa na miguu."

Sebule nzima iliacha kutafuna. Bibi akasema, "Ni vyangu. Nilipewa."

"Na nani?"

Bibi akanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikomponza. Baba akawa hana pa kushika, huku mama yake, huku shangazi yake. Jamaa waliokuwa wakishinda kwetu wakaanza kupitia mlangoni tu. Bibi alipika, akaswali, akala peke yake jikoni. Mimi nililala nikijiuliza kama kweli aliiba.

Mama ndiye aliyesikia kwamba hoteli moja ya jirani ina mgeni, Mholanzi, mtaalamu wa vyombo vya fedha, anayewakagulia watu vitu vyao. Bibi wa Maskati hakupinga. "Twendeni. Mama alitengenezewa na sonara wa pale pale Mjini Unguja, kwa ajili ya harusi yake. Tutaona."

Mtaalamu alikuwa mwanamke mtu mzima, mpole. Aliweka kioo cha kukuzia jichoni, akageuza kijiko kimoja, akageuza cha pili. Nilisikia kiyoyozi na pumzi ya bibi. Mama akawa anatufasiria.

"Simba ni alama ya fedha halisi ya Uholanzi. Kichwa hiki ni cha ofisi ya serikali iliyoikagua. Herufi hizi mbili ni za fundi mwenyewe, wa Schoonhoven, mji wa mafundi fedha. Havikutengenezwa Unguja."

"Labda sonara aliviuza tu," Bibi wa Maskati alisema, sauti imepungua.

Mtaalamu aliinua chenye mwanamke na mtoto. "Hiki hupewa mtoto akizaliwa." Akashika cha pili. "Hiki ni cha msiba. Kwetu, zamani, watu waligawiwa vijiko wamkumbuke marehemu. Vyenyewe ni vya kale, lakini jina limechongwa baadaye, kwa mwandiko wa kujipinda usiosomeka kirahisi, na ni moja kwenye vyote viwili. Hendrik."

"Hendi," bibi alisema, kabla mama hajafasiri.

Akamgeukia wifi yake. "Nilikuwa yaya, wifi. Kabla kaka yako hajanioa. Kwa Waholanzi wanunuzi wa karafuu. Homa ilimchukua mtoto mikononi mwangu, na mama yake akanipa hivi. Kaka yako aliniambia nisiseme."

"Miaka yote hii unanificha?"

"Ungenipokea, mie yaya?"

Bibi wa Maskati alivichukua vijiko, akavifunga mwenyewe kwenye kitambaa, akavilaza mapajani mwa bibi. Mkono wake ulibaki pale pale juu ya mkono wa bibi. "Yalla," alisema mwishowe, machozi yamemjaa machoni, "twende nyumbani, wifi."

Tangu siku hiyo bibi alianza kutusimulia habari za Hendi: alivyochukia viatu, alivyocheka akimwagiwa maji, alivyolia kwa Kiswahili kwa sababu hakuwa na lugha nyingine. Kila alasiri tulipata kipande kipya, naye Bibi wa Maskati alipiga simu kutoka kwake Maskati kuuliza kipande cha jana.

Jengo letu limeshavunjwa. Bibi wa Maskati amezikwa huko huko Maskati, na bibi tumemzika hapa Dubai, makaburi ya Al Quoz. Vijiko ninavyo mimi, na jina bado linasomeka. Lakini bibi alipoondoka, aliondoka mtu wa mwisho duniani aliyeijua sauti ya mtoto yule.