Mshukiwa wa Boga

Kisauni nzima hapakuwa na mtu aliyependa mchezo wa redio kama Boga mkwezi, wala hapakuwa na aliyeukosea kama yeye.

Mchezo ulikuja kila Alhamisi, baina ya magharibi na isha. Watu walikusanyika kwenye mkahawa wa Rama pale Mjambere. Redio ya Rama ilikaa juu ya kabati la mahamri, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na nyuma yake betri kubwa kama tofali. Visa vilikuwa vya namna moja: tajiri kauawa, au mkufu umepotea, na nyumbani mna watu watano ambao kila mmoja alikuwa na sababu yake. Halafu mlango unafunguliwa polepole, hatua zinasikika, na mtangazaji anawaambia wasikilizaji wangoje wiki ijayo.

Boga hukaa chini, karibu kabisa na redio, mkono shavuni. Mlango ukilia, humshika mguu mtu aliye jirani yake. Bastola ikilia, humeza mate hata wa nje wakasikia. Mchezo ukifika katikati husimama na kutangaza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na watu walio chini akiwa juu ya mnazi, kwamba muuaji ni mpishi. Basi muuaji huwa daktari. Kisa kinachofuata humshuku daktari, akawa ni mpwa wa marehemu. Mara moja alimshuku mtu ambaye wiki iliyofuata aliuawa yeye mwenyewe. Mara nyingine, kwa kuchoka kuchekwa, aliwashuku wote isipokuwa bibi kizee mmoja mwenye kikohozi, na bibi kizee ndiye aliyekuwa ametia sumu.

Wenzake wakaacha kujisumbua. Walimngoja Boga aseme, wakamfuta huyo aliyetajwa, kisha wakachagua katika waliobaki. Nicanor, karani wa bandarini aliyepanga chumba jirani, alijijengea sifa kubwa ya akili kwa njia hiyo tu.

Lau mambo yangeishia redioni, Boga angevumilia. Lakini kuku wa watu walianza kupotea, Boga akasema anamshuku jirani mmoja, na kumbe ni kicheche. Baiskeli ya mwalimu wa madrasa ikapotea. Boga akamshuku fundi, na kumbe mwalimu mwenyewe aliisahau Kongowea. Tangu hapo ikawa ni jambo linalojulikana kwamba mtu akishukiwa na Boga, huyo ni msafi. Mama mmoja alimleta kijana aliyemposa bintiye, akamuuliza Boga kama hamshuku ulevi. Boga alimtazama macho kijana, akasema anamshuku sana. Harusi ikafungwa mwezi ule ule, na mpaka leo kijana hanywi hata togwa.

Jambo hili lilimchoma Boga. Alimwambia mkewe Kadzo kwamba si haki mtu mzima, mwenye watoto, kugeuzwa kipimo cha uongo. Hakutaka sifa, alitaka apate mara moja tu, kisha Mungu akipenda amchukue. Kadzo alimwambia asiombe mambo mawili kwa pamoja.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru kulikuwa na kisa kikali kuliko vyote. Tajiri wa karafuu alikutwa amekufa katika chumba kilichofungwa kwa ndani, ufunguo uko mfukoni mwake. Miezi mizima watu walibishana kisimani, sokoni na ndani ya mabasi. Hatimaye ikafika Alhamisi ya sehemu ya mwisho, na asubuhi ya siku hiyo Rama akaenda kuipangusa redio yake vumbi, akakuta betri haipo.

Habari zilienea kabla chai haijachemka. Kupata betri nyingine mjini, kuifuata na kuirudisha siku ile ile, lilikuwa jambo la kutegemea miujiza. Na macho ya watu yakaenda moja kwa moja kwa Mwangi, utingo wa lori la viazi kutoka bara, aliyekuwa amepanga chumba nyuma ya mkahawa. Hatia yake ilikuwa kwamba ni mgeni, na kwamba siku moja aliwahi kumuuliza Rama betri ile hudumu muda gani. Hakuna aliyemwambia lolote. Waliacha tu kuitikia salamu zake, na Rama akamsahau alipogawa chai.

Adhuhuri Mwangi alimwendea Boga, akamkuta anafua nazi, akizitoa makumbi. Aliamkia vizuri, akasimama kama mtu aliyekuja kukopa.

"Mzee Boga, nimekuja kuomba unishuku."

"Umeiba?"

"Sijaiba."

"Sasa nikushukie nini?"

"Kwa sababu sijaiba. Ukinishuku wewe, jioni nitapewa chai."

Boga aliendelea kufua nazi, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Tangu asubuhi alikuwa na jambo lake moyoni. Boga alijua betri ilipo.

Mapema siku hiyo alikuwa juu ya mnazi uliopakana na ua wa Rama. Kabla ya kukwea alipiga ukelele, kama wafanyavyo wakwezi wote, ili wanawake walio uani wajisitiri. Lakini Mwanatabu, mke wa Rama, alikuwa akitwanga, hakusikia. Alipoacha mchi akaingia ndani, akatoka amepakata kitu ndani ya kanga kama mtoto mchanga, akatazama kulia na kushoto, asitazame juu. Kisha akakitia ndani ya pakacha la makumbi, akakifunika. Boga alipepesa macho akaangua nazi zake. Wakwezi wana sheria yao, nayo ni fupi: mkwezi haoni. Mtu akwezaye juu ya nyua za watu kisha akatoa ya huko, hatapewa tena mnazi wa kukwea.

Basi hapo ndipo alipokwama. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na jibu lililo sahihi. Jibu lilimwasha kama upupu.

Alasiri ilipokaribia, wanaume walijaa barazani kwa Rama, wakiwa na huzuni ya watu waliofiwa. Mwangi alisimama mbali kidogo, ameegemea nguzo. Wakamtaka Boga aseme anamshuku nani, ili angalau mmoja atoke katika tuhuma. Nicanor, ambaye asubuhi ile alionekana karibu na redio, alimsogelea na kumnong'oneza kwamba yeye pia asingechukia kutajwa.

Boga alisimama. Alikuwa amekusudia kusema hamshuku mtu. Lakini nyuso zote zilikuwa tayari zimeanza kutabasamu, na tabasamu zile zilimshinda.

"Betri imechukuliwa na Mwanatabu," alisema.

Baraza likaangua kicheko hata mbwa wakaondoka. Rama kwanza alinyanyuka kwa hasira, halafu akakumbuka anayesema ni nani, akaketi tena huku akipangusa machozi. Akasema anamshukuru Mungu, maana tangu amwoe Mwanatabu hakuna aliyempa mkewe hati safi kama ile. Nyuma ya mlango wa ndani kilisikika kikombe kikianguka, lakini hakikumshughulisha mtu.

Boga alibaki amesimama, ukweli mtupu umemtoka mdomoni na umechekwa kuliko uongo wake wote. Akatazama watu, jicho lake likamwangukia Mwangi pale nguzoni. Kijana alikuwa anacheka na wengine, ila kicheko chake hakikufika machoni.

"Na huyu Mwangi alimsaidia kubeba," Boga akaongeza.

Hapo walicheka upya. Nicanor alimpiga Mwangi bega, akamsogezea nafasi kwenye benchi. Rama aliingia ndani akatoka na kikombe cha chai, akampa kwa mikono miwili. Mwangi alimtazama Boga juu ya ukingo wa kikombe, akainamisha kichwa kidogo.

Wengine walipokwenda msikitini, Boga alijikokota nyuma. Mwanatabu alikuwa akimngoja kwenye mlango wa ua, kanga imevutwa hadi kwenye nyusi.

"Boga, uliona."

"Nalikuwa mnazini, shemeji. Nilipiga ukelele, ila ulikuwa watwanga." Akatazama miguu yake. "Na mkwezi haoni. Nimekukosea. Nilitaka nipatie, hata mara moja."

"Umepatia."

"Hapana ajuaye."

"Mimi najua," alisema Mwanatabu.

Boga alimuuliza kwa nini aliichukua. Mwanatabu akamweleza, bila kuona haya. Alisema amesikiliza michezo ile nyuma ya mlango tangu redio ilipoingia nyumbani, wala hajapata kumsikia muuaji hata mmoja. Kila jina linapotajwa, baraza zima hupiga kelele za kumcheka Boga, na jina likapotelea humo humo. Akimuuliza Rama baadaye, Rama humchanganyia wa kisa hiki na wa kisa kile. Basi kama yeye hasikii mwisho wa tajiri wa karafuu, na wao wasisikie. Alikusudia kuirudisha Ijumaa. Kwamba lawama ingemwangukia mtoto wa watu, hilo halikumjia, na lilipomjia hakujua ataitoaje betri bila kujiaibisha.

Boga alifikiri. Kisha akamwambia kwamba, kwa jinsi mambo yalivyosimama, yeye Mwanatabu ndiye mtu pekee katika Mjambere nzima asiyeweza kushukiwa, hivyo na aitoe tu.

Watu waliporudi walimkuta Mwanatabu amesimama barazani na pakacha la makumbi, betri imo ndani. Alisema ameiona alipokuwa akitafuta makumbi ya kuwashia moto. Imefikaje humo? Hakujua. Baraza likajadili kwa makini. Mtu mmoja akakumbusha kwamba Boga amesema ni kazi ya watu. Kama Boga amesema ni watu, basi si watu. Wakakubaliana ni panya. Betri ilikuwa nzito kama mtoto wa miezi mitatu, lakini hakuna aliyetaka kuanza kubishana na hoja iliyonyooka namna ile, hasa jua likiwa linaelekea kutua.

Jioni hiyo Mwanatabu alitoa kigoda akaketi mlangoni, na hapakuwa na mume wala mgeni aliyethubutu kumuuliza. Alitangaza kwamba kwa kuwa betri ameipata yeye, sharti ni lake: atakayefungua kinywa kabla mtangazaji hajaaga, chai ya mkahawa huu ameiaga pia.

Wakasikiliza kimya, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Nicanor alitaabika kuliko wote. Boga hakuruhusiwa kutangaza anamshuku nani, na bila hilo karani hakuwa na pa kuanzia. Alikaa anatafuna kucha kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mwangi alishikwa mguu na Boga mara tatu, akavumilia. Mlango ukalia. Hatua zikapanda ngazi. Mpelelezi akawaweka wote chumbani, akazungumza kwa utaratibu wa kuudhi, na mwishowe akamnyooshea kidole fundi wa vitasa, mtu ambaye alikuwa amezungumza mara moja tu, mwanzoni kabisa, akidai ujira wake.

Mwanatabu aliachia mguno mrefu wa utamu, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Boga, ambaye moyoni alikuwa amemtia hatiani kaka wa marehemu na kumhukumu kabisa, alikaa kinywa wazi. Hakuna aliyemcheka, kwani hakuna aliyejua. Akageuka akamwona Mwanatabu naye kinywa wazi, na Mwangi, na hata Nicanor. Alipofika nyumbani alimwambia Kadzo kwamba hakuwahi kusikia kisa kizuri namna ile, na alipokuwa akimhadithia alianza na mwisho, kwa pupa, ikabidi arudi nyuma.

Kanuni ya Mwanatabu ilidumu. Boga akawa anashuku kimya kimya, na Kadzo peke yake ndiye aliyeambiwa, kabla ya kulala. Kadzo naye hakuwahi kutoboa. Sifa za Nicanor zilipungua, akaanza kusema michezo ya siku hizi haina akili.

Uhuru ulipokuja na redio ndogo za kubeba zikafika madukani, Boga alijinunulia moja, akaishonea mfuko wa turubai na kuifunga kiunoni. Michezo ilirudiwa Jumamosi mchana, saa za kazi, naye akawa anaisikiliza huko huko juu. Wenye mashamba walilalamika mwanzoni. Bastola ikilia redioni, nazi zilidondoka bila kuchaguliwa, mbivu na changa. Ilibidi wazee wa Mjambere wakutane, wakakubaliana kwamba Jumamosi, kuanzia adhuhuri, watu waizunguke njia ya kisimani, ipitayo chini ya minazi.