Posa ya Saa Tisa

Diane alikuja shambani kwangu mara ya kwanza na jembe la kuazima, akauliza kama nina kibarua. Nikamwambia sina. Akainama akaanza kupalilia migomba. Mimi mtu akinibishia hasira hunipanda mpaka kisogoni, watu wote wa kijijini wanajua, lakini siku ile nilibaki nimesimama tu namtazama. Jioni nikampa ndizi za kupika. Kesho yake akarudi bila kuuliza, na tangu hapo akawa mtu wa kwangu.

Alikuwa Mrundi wa kambi ya Lukole, ng'ambo ya bonde kutoka kijijini kwetu hapa Ngara. Wazazi wake walikufa katika vita vya kwao, naye akavuka mpaka akiwa mtoto, ameshika kitenge cha shangazi yake Véronique asije akampotea. Kambini ndiko alikokulia. Huko alijifunza kusoma, kukaanga maharage bila mafuta, na kupanga foleni, maana foleni za pale zilikuwa kazi kamili. Kihangaza changu na Kirundi chake ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo hatukuwahi kukosa la kusengenya.

Huko huko kambini alipata mchumba, Aron, fundi baiskeli. Kijana mrefu, mcheshi, mikono myeusi kwa grisi. Walikuwa wanangoja tu wazee wakae, waoane. Kabla wazee hawajakaa, likatoka jina la dada yake Aron kwenda kuishi Kanada, na Aron alikuwa ameandikwa kwenye faili la dada yake. Diane hakuwemo, kwa sababu hakuwa mke wa mtu. Kwenye mafaili ya wakimbizi hakuna mahali pa kuandika mchumba. Basi lilikuja alfajiri, Aron akapanda, na Diane akaja kupalilia kwangu siku hiyo hiyo. Alipalilia hata mahali pasipokuwa na majani.

Mimi ndiye niliyekuwa na simu. Simu ya mkononi wakati ule kwetu ilikuwa kitu cha kuvaliwa shingoni kama medali, na mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kilichoko nyuma ya jiko langu. Ukishuka kidogo, mtu wa Kanada anageuka chura. Aron alikuwa akipiga Jumapili, akipata nafasi. Diane alitoka misani moja kwa moja akaja kukaa juu ya kichuguu mpaka jua lichwe, simu ipigwe isipigwe. Hakuhitaji kujua saa, siku nzima ilikuwa yake.

Lakini alizijua saa za Aron kuliko zake. Tukinywa uji asubuhi ananiambia, "Mama Generoza, sasa hivi kwao ni usiku wa manane. Amelala." Mchana tukipumzika kwenye migomba: "Sasa anaamka." Jioni wakati sisi tunafunga mbuzi, yeye anamwazia akila chakula cha mchana kiwandani. Alisema tofauti ni saa saba, wao nyuma, sisi mbele. Aliishi siku mbili kwa wakati mmoja, yake na ya Aron, na nadhani ile ya Aron ndiyo aliyoishi kwa moyo. Nilikuwa namkemea. "Mtoto we, utakonda! Mwanaume yuko huko anakula kuku." Anacheka, halafu machozi yanamlengalenga, halafu nami nakasirika kwa sababu yananilenga mimi pia.

Mwaka ule Burundi walipofanya uchaguzi, watu wengi wakaanza kurudi. Baba yake mdogo Diane, Mzee Nyandwi, alikuwa ametangulia kurudi Muyinga, na kutoka huko akatuma neno. Yuko mwanaume mmoja mjane, jirani yake, mtu mzima, ana shamba na nyumba ya bati, anamtaka Diane. Yeye Nyandwi hana ubaya na huyo kijana wa Kanada. Atakuja Lukole Jumapili ya mwisho ya Oktoba, watu wa kijana walete pombe ya posa kama desturi, na kijana mwenyewe aseme kwa kinywa chake, simuni.

"Binti wa marehemu kaka yangu sitamtoa kwa salamu za kuambiwa," alisema. "Asiposema, binti atapanda gari nirudi naye jioni hiyo hiyo."

Hakuwa mkatili, nataka hilo lieleweke. Kambi ilikuwa inaelekea kufungwa, na mzee aliona msichana anazeeka juu ya kichuguu.

Jumapili iliyotangulia, Diane na Aron wakapanga. Aron angepiga saa mbili kamili asubuhi ya kwao, akitoka zamu ya usiku, maana wiki ile walimbadilishia. Kwetu ingekuwa saa tisa alasiri. Diane akalirudia hilo mara nyingi mpaka nikamwambia anyamaze. Kisha akawapelekea wazee ujumbe: saa tisa, kwangu, kwenye kichuguu. Wazee wakaitikia, saa tisa, vema.

Sasa hapa lazima niseme jambo la Lukole ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua. Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukivuka mpaka kuja Tanzania, unasogeza mishale mbele. Vijana walisogeza. Wazee walikataa. Mgao wa chakula, zahanati na shule vilikwenda kwa saa ya Tanzania, maana ukichelewa mgao utakula mawe. Lakini pombe, matanga na posa vilikwenda kwa saa ya nyumbani, na saa za mikononi mwa wazee hazikuguswa tangu walipokimbia. Mimi nilikuwa nawatania. Siku moja nilimwuliza Mzee Nkeshimana, aliyekuwa jirani yake Aron na ndiye angekuwa msemaji wake siku ya posa: "Wazee, mlikimbia mkaacha ng'ombe, mkaacha nyumba. Hiyo saa moja mliwezaje kuibeba?"

Akanijibu, "Hiyo ndiyo haikuwa nzito, mama."

Siku ikafika. Mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika. Tukatandika mikeka kukizunguka kichuguu, Nyandwi na watu wake upande mmoja, Nkeshimana na wa kwake upande mwingine, na katikati chungu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na mirija yake imelazwa juu ya jani. Mrija hauguswi mpaka mwombaji aseme na mwenye binti akubali. Bibi harusi haketi barazani, kwa hiyo Diane tulimficha jikoni pamoja na Véronique, mlango ukiwa wazi. Mimi nikapanda kichuguu na simu yangu. Mwanamke, tena Mhangaza, nimekaa juu ya vichwa vya wazee wa Kirundi kama jogoo! Walivumilia. Mtandao haukuwa na desturi.

Redio yangu iko jikoni. Ikatangaza saa tisa. Nikaishika simu kwa mikono miwili.

Kimya.

Nikajiambia, kadi yake inasumbua. Aron alikuwa akipiga kwa kadi, kutoka simu ya ukumbini kwake, na namba haikuonekana, kwa hiyo sisi kumpigia hatukuweza. Ningoje. Wazee walikuwa wanaongea habari za mvua na maharage, wametulia kabisa. Nikatupa jicho jikoni. Diane amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

Muda ukaenda. Dereva aliyemleta Nyandwi, mtu mmoja anaitwa Yohanes, akapiga honi barabarani. Mpaka wa Kabanga ulifungwa jioni na kibali cha mzee kilikuwa cha siku moja. Nikashuka kama ninayekwenda kuchochea moto.

"Mama, hapigi," Diane akaniambia. "Amenisahau."

"Hajakusahau. Ngoja."

"Saa tisa imepita zamani. Niende nikamwambie baba mdogo, nimwombe angoje kidogo."

Hapo ndipo nilipong'amua. Wale wazee walikuwa wametulia kwa sababu kwao saa tisa haijafika. Nikamshika Diane mkono kwa nguvu. "Ukifungua huo mdomo wako nitakuchapa. Mposaji akichelewa posa yake mwenyewe ni matusi, mzee ataondoka sasa hivi. Acha waendelee na saa yao."

Akanitii. Lakini nilipopanda tena kichuguu nilimwona ameanza kukunja nguo zake. Kitenge, blauzi ya kanisani, sweta ambalo Aron alimwachia. Alizikunja taratibu, akazipanga ndani ya mfuko wa shangazi yake, na Véronique hakumzuia, alikuwa anamsaidia. Nimeona watu wengi wakifunga mizigo katika miaka ile ya wakimbizi. Walikimbia wakipiga kelele, wakiita watoto. Huyu alifunga bila sauti, na iliniuma kuliko wote.

Yohanes akaja mwenyewe. "Mzee, twende! Tutarara njiani, geti haritungoji!"

Nyandwi akainuka, akajikung'uta kanzu. Akainua mkono, akaitazama saa yake. "Dakika tano," akamwambia dereva. "Nilisema saa tisa. Ikifika hajasema, tunaondoka na binti." Na hakukaa tena. Alisimama vile vile, ameshika fimbo, anatazama mshale.

Simu ikalia mikononi mwangu nikakaribia kuitupa.

Nyandwi akatazama saa yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Saa tisa kamili," akawaambia wenzake. "Huyu kijana amelelewa."

Sikucheka. Siku nyingine ningecheka wiki nzima, lakini siku ile nilimnyoshea simu kwa heshima zote, naye akapanda kichuguu nikimshika kiwiko. Alipaza sauti kana kwamba Kanada ni kilima cha pili. Mzee Nkeshimana alisema maneno ya msemaji kutoka chini, marefu, mazuri, kisha Nyandwi akauliza, "Na wewe mwenyewe, unataka nini nyumbani kwangu?"

Simu yangu ilikuwa na sauti kubwa, sote tulisikia. "Baba, shikamoo. Naomba mke. Nimekuja bila miguu, unisamehe. Naomba Diane."

Mzee akatazama jikoni, ambako mfuko ulikuwa umeshafungwa, akatazama barabarani kwenye gari. Kisha akanirudishia simu, akashuka, akachukua mrija, akauchovya kwenye chungu akanywa. Vigelegele vikatoka jikoni hata kabla hajameza.

"Mwiteni binti ajibu," akasema.

Diane akatoka ameinamisha kichwa, akajibu ndiyo kwa sauti ndogo mbele ya wazee. Nyandwi, ambaye sasa alikuwa na furaha na rubisi, akavunja desturi kidogo. "Mpeni simu. Yule ni mumewe sasa, na hana miguu."

Akapanda kichuguu, akakaa karibu yangu. Nilidhani watasema maneno ya mapenzi, nikageuza uso, ingawa masikio sikuyageuza.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza. "Saa nzima, Aron. Nimeshafunga nguo."

"Nimepiga saa mbili kamili," Aron akasema, anashangaa. "Saa iko ukutani hapa." Halafu akapaza sauti. "Ee Mungu wangu. Diane, usiku wa leo wamerudisha saa nyuma. Huku hufanya hivyo, nchi nzima, baridi ikianza. Mwaka jana pia walifanya. Sikuwaza kabisa. Nisamehe."

"Wamerudisha mpaka lini?"

"Mpaka Aprili."

Kadi ikakata hapo. Hakuna aliyeaga. Diane alibaki na simu sikioni, na mkono wa pili ukaanza kuhesabu kwa kidole juu ya goti, pole pole. Alifika saba akasimama, kisha akaongeza moja. Halafu akalia. Si kilio cha kujizuia, alilia mabega yote yakitikisika, na chini wanawake wakaitikia kwa furaha, wakaanza kuimba. Kwetu na kwao ni sawa, bibi harusi hulia siku ya posa, na anayelia sana husifiwa.

"Tazameni," shangazi yake Véronique akawaambia wageni, uso unang'aa. "Mwenye adabu huonekana. Anawalilia wazee wake."

Diane akaniegemea begani. "Mama," akasema kwa Kirundi, chini chini ili wasisikie, "leo nimekuwa wake. Na leo hii hii amesogea mbali tena, saa nzima."

Wanawake walikuwa wananitazama, wananingoja. Nikainua uso nikapiga vigelegele.